Harusi ya Mikono Mitupu

Benki zilifungwa Jumatatu, na harusi ilikuwa Jumamosi. Rodanthi alizipata habari hizo akiwa amepiga magoti mbele ya tanuri, unga umemfika viwikoni, na neno la kwanza lililomtoka si la kurudia mbele ya padri. Redio ikaendelea kupiga soga. Kila mwenye kadi atachukua euro sitini kwa siku, hazizidi. Jumapili nchi nzima itapiga kura: Ndiyo, tukubali masharti ya wanaoidai nchi, au Hapana, tuyakatae. Mmoja akasema tukijibu Hapana basi euro inatuaga na drakma, sarafu yetu ya zamani, inarudi, mwingine akasema huo ni uongo wa kutishia watoto. Rodanthi alikuwa na swali moja tu na redio haikuligusa: sasa bahasha itakuwaje?

Maana pale Vrisidi, kijiji chao chini ya mlima Psiloriti, harusi si watu kumi na wawili kula keki na kwenda zao. Harusi ni watu mia saba, na wakipungua majirani huanza kuulizana kuna msiba gani. Hakuna baba anayeweza kulisha umati huo kutoka mfukoni mwake, kwa hiyo kila mgeni huja na bahasha, huitumbukiza katika sanduku pale mlangoni, na kesho yake sanduku ndilo linalomlipa mwenye ukumbi, mwenye nyama na mpiga zeze. Kwa miaka mitano serikali ilikuwa inabana matumizi, mishahara ikakatwa, pensheni zikakatwa, na bahasha zikazidi kuwa nyembamba, lakini zilikuja. Sasa pesa za watu wote zilikuwa zimefungiwa ndani ya ukuta na zinatolewa kwa kijiko.

Alipompigia simu, mwenye ukumbi hakumwacha hata amalize salamu.

"Pole sana, mama. Lakini mimi nataka taslimu kabla ya Ijumaa. Mchinjaji ananidai taslimu, na yeye anadaiwa taslimu. Sanduku lako la asubuhi nitalila?"

"Miaka yote mnangoja sanduku."

"Miaka yote benki zilikuwa wazi," akasema, na simu ikakatika.

Rodanthi alimpa binti yake habari hiyo akitegemea kilio, na akaudhika alipokikosa. Evanthia alikuwa na shahada ya ufamasia na alikuwa akiwauzia watalii miwani ya jua. Mchumba wake, Minas, alikuwa amepata kazi kiwandani huko Düsseldorf, Ujerumani, tikiti zao mbili zilishalipiwa, na ndege ilikuwa Jumanne.

"Basi tuiache, mama," Evanthia alisema, akimfuta mama yake unga shavuni. "Tutaandikishana hukohuko. Ofisi, dakika kumi, saini mbili, kwisha."

"Na mashahidi?"

"Tutaokota watu pale kwenye baraza."

Kuokota. Neno hilo lilimwingia Rodanthi kama mwiba na halikutoka siku nzima. Mtoto wake wa pekee kuozwa mbele ya watu wa kuokotwa. Alikuwa amewaona wasichana wa kijijini walioondoka namna hiyo: mwaka wa kwanza wanakuja Agosti, mwaka wa pili wanakuja wiki moja, mwaka wa tatu wanatuma picha za theluji. Kumzuia Evanthia asiende hakuweza, na hakuwa mjinga wa kujaribu. Alitaka kitu kimoja tu, kijiji kizima kimchezee bintiye kabla hajapanda ndege, na kitu hicho alikitaka kwa hasira.

Jumanne akaja mkwe mwenzao, Polidoros, baba yake Minas, mwalimu mstaafu mwenye tai hata mwezi wa Julai. Alikuja kujadili harusi. Kahawa haijapoa, yeye na Manousos, mume wa Rodanthi, wakawa wamesimama, kila mmoja ameegemea meza upande wake.

"Mwalimu mzima wewe," Manousos alisema. Alikuwa mfugaji wa mbuzi, na sauti yake ilizoea kuvuka mabonde. "Pensheni wamekukata mara tatu. Tatu. Na bado unataka kuwaambia Ndiyo, karibuni tena, kisu kiko pale?"

"Dawa ya deni kulipa."

"Na mdaiwa akishakufa njaa, atalipa nani? Mkeo?"

"Mke wangu mwache. Wewe sema, ikirudi hiyo drakma yako, dizeli ya gari utainunua kwa nini? Kwa jibini?"

"Kwa jibini, ndiyo. Jibini langu lina thamani kuliko makaratasi yao."

"Basi na harusi ukailipie kwa jibini, bwana mkubwa," Polidoros alisema, akachukua kofia yake. Mlangoni akageuka na kuapa kwamba hatakanyaga harusi ambayo baba wa bibi harusi anataka kumrudisha Minas kwenye umaskini. Manousos akamjibu kwamba njia ya kwenda kwao ni mteremko, hatachoka.

Rodanthi aliwaangalia wote wawili akatamani kuwamwagia kahawa. Harusi imebaki siku nne, ukumbi hakuna, pesa hakuna, na sasa hata baba wa bwana harusi hakuna. Maji yalikuwa yamezidi unga. Mtu mwingine angekaa chini akalia. Rodanthi alifunga kitambaa chake upya kichwani na kutoa amri.

"Tunaifanyia hapa. Uwanja wa shule. Manousos, utachinja mbuzi wako."

"Wangapi?"

"Mpaka nikwambie acha."

Kisha akamwita Evanthia alete simu, akamsomea maneno ayaandike na kuyatuma kwa kila mwalikwa. Aliyatunga kwa uangalifu na yalimgusa mwenyewe mpaka machozi yakamlenga: *Harusi iko palepale, Jumamosi jioni, uwanja wa shule. Tunajua hali zenu. Msilete chochote. Njoeni mikono mitupu, ninyi wenyewe mnatosha.* Usiku huo alilala vizuri, ameridhika na ukarimu wake.

Jumatano simu haikulia. Alidhani watu wako kwenye foleni za benki. Alhamisi ilikuwa siku ya mikate ya harusi, ile inayopambwa kwa maua na ndege wa unga, kazi ya wanawake ishirini na nyimbo na masengenyo kuanzia alfajiri. Rodanthi akapanga viti, akachemsha kahawa, akafunika donge. Jua lilipanda mpaka katikati. Donge likaumuka, likafurika kwenye beseni, na hakuna mkono mwingine uliokuja kuligusa.

Mchana akatokea binamu yake, Andonusa, mwanamke mfupi mwenye ulimi mrefu. Hakuingia. Alisimama kizingitini, mikono kiunoni.

"Nimekuja kukwambia sitakuja."

"Wewe? Andonusa, una wazimu? Wenzako wako wapi?"

"Hawaji. Na wao wametukanwa kama mimi."

"Nani kawatukana?"

"Wewe. Kwa maandishi." Andonusa alichomoa simu mfukoni na kuisoma kwa sauti ya kubana pua. "'Tunajua hali zenu. Njoeni mikono mitupu.' Hali gani, Rodanthi? Umenionea wapi mimi hali?"

"Nilitaka kuwapunguzia mzigo. Watu hawana pesa."

"Pesa hatuna. Nani kasema hatuna mikono? Nilipozaa Mateo ulinipandishia mlima mwanakondoo mzima begani, na ulikuwa na mimba ya huyo msichana. Miaka ishirini na tano nasubiri aolewe nikulipe. Sasa unanifungia mlango kabla sijabisha. Nije nikae mezani kwako, nile, nipanguse mdomo, niende? Kama ombaomba? Mkono mtupu haulambwi, mama. Unajua hivyo tangu unanyonya."

Rodanthi alijua. Hilo ndilo lililomwumiza, kwamba alijua tangu ananyonya na bado akaandika. Hakuna mtu wa Vrisidi ambaye angeweza kwenda harusini bila kitu mkononi. Angetafuta homa, angetafuta mbuzi aliyepotea, angetafuta sababu yoyote ya kubaki nyumbani na kuzima taa. Yeye mwenyewe angefanya vivyo hivyo. Kwa ukarimu wake alikuwa amekifukuza kijiji kizima kwenye harusi ya mwanawe.

"Nifanye nini?" aliuliza, na hakuzoea kuuliza hivyo.

"Mimi nitajuaje? Siku zote unajua wewe," Andonusa alisema. Lakini kabla ya kuondoka aliingiza mkono na kulibonyeza lile donge mara moja, lisichache.

Ijumaa asubuhi Rodanthi alishuka mjini. Hakuhitaji kwenda nyumba kwa nyumba, maana wiki hiyo wilaya nzima ilikuwa mahali pamoja: mbele ya mashine ya benki, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, foleni imepinda kona na kupita duka la dawa. Nyuso zote alizijua. Zilipomwona, zote zikapata kitu cha kutazama mbinguni.

Alikuwa mwanamke ambaye hajawahi kuomba hata chumvi. Alipofika mwisho wa foleni alikaza kitambaa chake kichwani. Akamkabili mtu wa mwisho, Vardis, mwenye shamba la mizabibu.

"Bwana Vardis. Kesho namwoza binti yangu na sina divai."

Vardis alikohoa. "Tuliambiwa tusilete kitu."

"Mliambiwa na mjinga. Nimemfukuza. Sasa mimi nakuomba divai yako, ile ya pipa la nyuma unayoificha watoza kodi wakija."

Foleni yote iligeuka. Vardis aliangalia viatu vyake, akaangalia mashine ya benki, akamwangalia Rodanthi, na uso wake ukaanza kufunguka polepole.

"Nyekundu au nyeupe?"

"Zote mbili. Unaniona mimi wa kuchagua?"

Mtu akacheka. Rodanthi akasogea kwa anayefuata kabla ujasiri haujamtoka. Kwa huyu aliomba kuni za mzeituni. Kwa yule, sufuria kubwa za kupikia wali, zile ambazo ndani yake mtoto anaweza kuogelea. Kwa mwenye duka, magunia ya mchele, naye akasema mchele upo umekaa tu, nani ananunua mchele kwa euro sitini. Kwa Bi Harikleia, mjane ambaye hata mjini alikuja kwa miguu na ambaye kila mtu alijua hana kitu, alisimama muda mrefu zaidi.

"Bi Harikleia, wali wa harusi bila ndimu ni uji. Na ndimu za maana katika kijiji kile ni za ule mti wako."

Bibi huyo alinyoosha mgongo. "Kikapu kimoja hakitatosha," alisema kwa ukali. "Nitaleta viwili. Wewe mwambie tu mumeo asizikamue mapema, atautia wali uchungu."

Sasa foleni ilikuwa imechangamka, watu wamevunja mstari, hawajali tena nani wa kwanza. Wale aliokuwa hajawafikia walianza kumwita. Na mimi je, mbona unanipita, jibini langu lina kasoro gani? Asali yangu umeikosea nini? Mmoja alisema ana mwanambuzi, jirani yake akasema yeye ana wawili, na wa kwanza akasema basi na yeye wawili, na kondoo juu yake. Kijana wa benki alichungulia kupitia kioo akidhani wamekuja kuvunja mlango. Rodanthi alikuwa anatokwa jasho na anacheka, na kila alipoomba aliona bega moja zaidi likiinuka. Hakujua kwamba kuomba kunaweza kuwa kitamu hivi.

Karibu kabisa na mashine alikuwa amesimama Polidoros, na tai yake. Alikuwa amesikia yote. Watu wakageuka tena, safari hii kwa hamu.

"Mwalimu," Rodanthi alisema.

"Mama Evanthia. Mimi niliapa."

"Nilikusikia. Sikuombi jibini, la kwako ni la kununua dukani. Wala pensheni yako sikuombi."

"Sasa unaomba nini?"

"Sauti. Kesho Manousos atasimama na kuimba beti zake, na utamwona alivyo akikosa wa kumjibu. Mimi nimemjibu miaka thelathini, nimechoka. Nahitaji mtu aliyesoma amfunge mdomo mbele ya watu."

Foleni ilipasuka kwa kicheko. Polidoros alijitahidi kubaki na uso wa darasani, lakini masharubu yalimsaliti.

"Mbele ya watu wangapi?" aliuliza.

"Mia saba."

"Hm," alisema Polidoros, na ilipofika zamu yake kwenye mashine, alisahau namba yake ya siri mara mbili.

Jumamosi saa kumi jioni Rodanthi alikuwa juu ya ukuta wa shule, amepanda kama msichana, akitazama barabara. Kwanza aliona vumbi. Kisha akasikia zeze. Kisha wakatokea kwenye kona, na Andonusa ndiye aliyewaongoza, mwanakondoo amemlaza begani, riboni nyekundu shingoni mwa mnyama, na nyuma yake wanawake wenye vikapu vilivyofunikwa vitambaa vya kudarizi vya bibi zao, na wanaume wenye jibini la duara kubwa kama magurudumu, na madumu ya divai yakibebwa wawili wawili, na magari yamejaa kuni na viti vya kanisani, na mbuzi waliokataa kutembea wakivutwa kwa pembe. Bi Harikleia alikuwa na vikapu vyake viwili na hakumruhusu mtu kumsaidia. Wazee walisema hivi ndivyo watu walivyokwenda harusini zamani, kabla bahasha haijaja, na vijana ambao hawakuwahi kuona jambo kama hilo walikuwa wanabeba vitu mbio mbio na kurudi kubeba vingine. Bunduki zikapigwa hewani kama ilivyo ada, na padri akajifanya hazisikii.

"Mama, shuka, utaanguka," Evanthia alimwambia kutoka chini, katika gauni jeupe. Alikuwa anatazama barabara pia. "Hawa wote wanakuja kwetu?"

"Kwako," Rodanthi alisema.

Hawakuwa mia saba. Walikuwa zaidi, maana wengine hawakualikwa kabisa, walikuwa tu kwenye foleni. Sufuria zikapangwa juu ya mioto, wanaume wakavua mashati, Manousos akakoroga wali kwa kafi ya mashua aliyoiazima huko pwani, na harufu ya mchuzi wa mbuzi ikapanda mpaka kanisani ambako padri, aliyekuwa anawavika Minas na Evanthia mataji ya ndoa, alionekana akiongeza kasi ya sala.

Polidoros alikuja baada ya kanisa. Alikuwa amevua tai. Watu walimfungulia njia, wakamsukuma taratibu mpaka katikati ya uwanja, na upande wa pili wakamsukuma Manousos, kafi bado mkononi. Mpiga zeze akashusha mlio, akawasubiri. Rodanthi alishika ukingo wa meza. Alijua kwamba wawili hawa wangeweza kuimba, au wangeweza kupigana, na kwa umri wao kupigana kungekuwa aibu zaidi.

Manousos akaanza, kama haki ya baba wa bibi harusi:

"Mwana nimekupa wangu, umchukue kwa heri,
Ila siyo kura yangu, 'Hapana' naikariri."

Wenye Hapana wakapiga meza. Wenye Ndiyo wakazomea. Polidoros akangoja kelele zitulie, kidole juu, kama alivyongoja madarasa arobaini, kisha akatoa sauti ambayo hakuna aliyejua anayo:

"Kura yako baki nayo, kichwani ulikoweka,
Hata nyundo igongayo, yenyewe itapasuka."

Uwanja ulilipuka. Hata wenye Hapana walipiga meza, kwa sababu walikuwa wanakijua kichwa cha Manousos kabla Polidoros hajakijua. Manousos mwenyewe alifungua mdomo, akafunga, akafungua tena, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini Rodanthi alimwona mumewe amekosa ubeti. Furaha ilimjaa kifuani akashindwa kukaa. Akaingia katikati yao, mikono inanuka vitunguu, na kuimba yeye:

"Ndiyo yenu na Hapana, kesho zitahesabiwa,
Leo ngoma ni ya wana, wali umepakuliwa."

Manousos akatupa kafi, akamkumbatia mkwe mwenzake mpaka kofia ikaanguka, na mpiga zeze hakungoja kuambiwa. Evanthia alivutwa akaongoza mstari, Minas nyuma yake, kisha Andonusa, kisha wote, duara ndani ya duara, mpaka hakukuwa tena na nafasi ya mtu kusimama bila kucheza. Kila nyumba ilichukua zamu yake kumshika bibi harusi mkono. Hakuna nyumba iliyopitwa, na Rodanthi alihakikisha.

Kitu kimoja hakuwa amekifikiria. Shule ile ndiyo kituo cha kupigia kura. Kulipopambazuka Jumapili akatokea msimamizi wa kura, mwanasheria kijana kutoka mjini, sanduku kwapani, mfuko wa karatasi mkononi, na kukuta wimbo haujaisha.

"Samahani," alisema kwa wasiwasi. "Ninyi mnapiga kura au mnacheza?"

"Vyote, mwanangu," Manousos alimjibu. "Umekula?"

Walimlisha wali kwanza. Saa moja kamili mlango ulipofunguliwa, foleni ya kura ilikuwa imeshakuwa tayari, na ilikuwa harusi ileile imegeuzwa kuelekea upande wa pili. Bibi harusi alipiga kura na gauni lake. Bi Harikleia alipiga kura amelala nusu. Manousos na Polidoros walienda wamekumbatiana mabega, mmoja na Hapana yake na mwingine na Ndiyo yake, na hakuna aliyeweza kusema ni yupi aliyekuwa anamsaidia mwenzake kusimama. Kila mmoja alitia karatasi yake katika bahasha na bahasha katika sanduku. Rodanthi alipotia yake alicheka peke yake, maana hizo ndizo bahasha pekee walizoziona wikendi ile. Jibu aliloliweka ndani ni siri yake mpaka leo.

Alipotoka, alimkuta Evanthia uwanjani, viatu mkononi, amesimama katikati ya vilivyobaki. Na vilikuwa vingi. Magurudumu ya jibini yalipangwa ukutani, madumu ya divai hayajafunguliwa, vikapu juu ya vikapu, na mwanambuzi mmoja aliyenusurika kisu amefungwa kwenye mlingoti wa goli, analalamika.

"Mama. Vitu vyote hivi."

"Ndiyo."

"Vya Andonusa ni vipi?"

"Mwanakondoo ameliwa. Jibini lile lenye alama ya msalaba ni lake pia. Asali ni ya mwanawe. Ile divai ni ya Vardis, mbuzi huyo ni wa yule bwana wa kwenye foleni, sijui hata kwa nini kaleta wa tatu. Nitakwambia wote, ninao kichwani."

 Rodanthi alimwona binti yake akigeuka polepole, akitazama kikapu kimoja baada ya kingine, na uso wake ukibadilika kama wa mtu anayefungua mlango wa nyumba ngeni na kukuta watu wake ndani.

"Na vinarudishwa vipi?"

"Kama kawaida. Nyumba kwa nyumba, kila mtu siku ya furaha yake."

"Unarudisha wewe."

"Mimi?" Rodanthi alisema. "Walikuja harusini kwangu? Vya kwangu nilishalipa, au nimelipwa. Hivi umepewa wewe, kwa mkono wako, mbele ya watu."

"Mama, mimi Jumanne nakwenda Düsseldorf."

"Najua."

"Basi hivi vyote ni deni? Sidai mtu, nadaiwa. Nadaiwa na kijiji kizima."

"Ndivyo inavyoonekana," Rodanthi alisema. Alijaribu kutoa sauti ya huzuni na akashindwa kabisa. Miaka mitano alikuwa amelichukia neno deni, kwenye redio, kwenye barua, midomoni mwa mawaziri, na asubuhi ile alilitazama limejaa uwanja wa shule, lina pembe na lina riboni, akalipenda.

Evanthia aliketi chini na gauni lake jeupe, kando ya mbuzi. Kwanza Rodanthi alidhani analia, na labda alikuwa analia kidogo. Kisha akafuta pua kwa mkono.

"Wa kwanza ni nani?"

"Mateo wa Andonusa. Anaoa Septemba, baada ya mavuno ya zabibu."

"Mwanakondoo?"

"Mwanakondoo. Na begani, usije naye kwenye gari."

Evanthia aliinuka, akajipangusa vumbi, akaweka mikono mdomoni na kuita kwa sauti ile ya baba yake inayovuka mabonde, mpaka watu kwenye foleni ya kura wakageuka.

"Minas! Mwandikie huyo Mjerumani wako wa kiwandani. Mwambie Septemba hatupo."